Treni ya kwenda magofu ya Ayutthaya: kampuni nyota mbili, yule mama mwongozaji nyota tano

Haya jamani, kila nikiweka picha ya kile kichwa cha sanamu la Budha ndani ya mizizi mwaniuliza ni wapi na ni shilingi ngapi, sasa naandika mara moja nipumzike. Ni Ayutthaya, Thailand, kama kilomita 80 kaskazini ya Bangkok. Mji wao mkuu wa zamani, mahekalu ya Wabudha yalobomoka, na tulienda kwa treni mie na wifi yangu Februari 2025, Shaaban hiyo, Ramadhani yaja mbio.

Wanaonijua wajua Bangkok mie naenda kwa mzigo tu. Nguo za watoto za Idi. Nafika, naingia Pratunam, soko la nguo, asubuhi natoka jioni miguu imevimba, mabunda yafungwa yapelekwa kago, nalala Nana kule mtaa wa Waarabu ambako huhitaji kutafuta chakula halali, chakula ndo chakutafuta wewe, siku ya nne niko kwenye ndege narudi. Nimekwenda mara sita na ukiniuliza Thailand kuna nini nakwambia kuna Pratunam. Safari hii mzigo ukaisha mapema, tukabakiwa na siku nzima haina kazi, na wifi ambaye ndo mara yake ya kwanza akanambia "Wifi, mie sikupanda ndege masaa yote hayo kuja kuona maduka, maduka hata Mombasa Mtaa wa Biashara yako." Kweli. Akaingia kwenye simu akachakura akapata kampuni moja, jina nabaki nalo mwenyewe, yauza safari ya siku moja: treni kwenda na kurudi, mwongozaji wa Kiingereza, mahekalu matano, chakula cha mchana halali. Baht 1,800 kila kichwa, yaani kama elfu saba za kwetu. Nkaona si haba, nkalipa.

(Nasema mwongozaji makusudi. Nlimwambia mamangu kwa simu "kesho twaenda na gaidi" akaanza kunisomea Ayatul Kursi.)

Tuliambiwa tuwe stesheni saa moja na nusu asubuhi. Mkienda wenyewe hapa mtilie maanani, manake treni nyingi za masafa marefu tangu 2023 zimehamia ile stesheni mpya kubwa ya Krung Thep Aphiwat, lakini hizi za kawaida, za kusimama kila kituo, bado ziko zatoka Hua Lamphong, stesheni ya zamani ya 1916 yenye paa la upinde kama pipa limepasuliwa nusu likalazwa. Nzuri, mashallah, vioo vya rangi kule juu na jua la asubuhi lapita. Tumekaa pale twasubiri, saa mbili kamili ikapigwa nyimbo kwenye spika na stesheni nzima ikasimama tuli. Mtu yuwala, kijiko kimebaki njiani. Mwenye kukokota sanduku kaliacha. Wifi peke yake ndo alokuwa akitembea tap tap tap na kandambili zake, nkamvuta buibui akarudi nyuma. Kumbe ni nyimbo ya taifa, hupigwa kila siku saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Nkakumbuka tulivokuwa wadogo ukipita karibu na kituo cha polisi jioni bendera yashushwa, firimbi ikilia wasimama hata kama umetumwa unga na mamako yuwakusubiri jikoni.

Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, kofia pana, mwavuli, sauti kama ya ustadha wa madrasa. Akatwambia tumwite Pi, manake kwao mtu alokuzidi umri humwiti jina hivihivi, ni Pi, yaani dada au kaka mkubwa. Wifi akanigeuzia uso, "hawa ni watu wenye adabu." Kundi letu watu tisa, sisi wawili, Wahindi mtu na mkewe, walobaki Wazungu.

Pi akatugawia tikiti. Nkaangalia bei. Baht 15. Nkavua miwani nkaipangusa nkaangalia tena. Baht 15, haifiki hata shilingi 60! Ile kahawa nlokunywa pale stesheni ilikuwa ghali kuliko treni. Sasa hapo ndo nkaanza kujiuliza hiyo elfu moja mia saba na zaidi nlolipia ni ya nini hasa, na hilo swali nkakaa nalo siku nzima. Alafu tarehe imeandikwa mwaka 2568. Nkadhani ni kosa la kuchapa. Pi akacheka, kwao mwaka wahesabiwa tangu kufariki kwa Budha, wako mbele ya miladia kwa miaka 543. Nkamwambia na sisi kwetu ni 1446. Bas tukawa watu wa benchi moja kila mtu na mwaka wake.

Treni yenyewe sasa. Kama wewe umezoea SGR ya Miritini, mbwa wanusa mabegi, dirisha halifunguki, AC yakuingia mpaka kwenye mifupa, hii ni dunia nyengine. Daraja la tatu, mwakaa mwaangaliana magoti yagusana, feni za darini zazunguka zikijisikia, madirisha yote wazi, waingia upepo na moshi wa dizeli na harufu ya majikoni ya watu, manake reli yapita nyuma ya nyumba kabisa, nguo zimeanikwa, kuku, mzee yuwapiga mswaki mlangoni akakupungia na mswaki wake. Mie nkarudi utotoni kwenye treni ile ya zamani, kabla ya hii SGR kuja 2017, twaenda Voi kwa shangazi usiku, mamangu katufungia mahamri kwenye kitambaa, na vituoni karanga na mayai ya kuchemsha yapitishwa dirishani. Sikujua kama nimeikosa mpaka pale. Wauzaji wapanda kituo hiki washuka kile, mikononi vikapu na ndoo za barafu. Nyama za kuchoma hatukugusa, hujui mnyama gani. Lakini akapita mama na embe mbichi zimekatwa ziko kwenye kijifuko, pembeni unga wa pilipili na chumvi, nkasema hii naijua, hii ni Mama Ngina ya Mombasa kabisa! Ukionja sasa ndo wakuta wametia na sukari. Wifi akasema wameharibu. Alizila zote.

Mwendo wa masaa mawili kasoro hivi, tumepita ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Don Mueang, tumepita Bang Pa-In, mashamba, tukashuka. Treni nyota tano. Ila hizo nyota ni za baht 15, kampuni haikufanya chochote hapo isipokuwa kupanga foleni kwa niaba yangu.

Kutoka stesheni watembea moja kwa moja mpaka mtoni wavuka na feri. Nasema feri lakini ni boti la mbao na injini, dakika mbili umefika. Wifi, mtoto wa Likoni, akaliangalia akasema "hii nayo yahesabika feri?" Ng'ambo tukapandishwa tuktuk mbili, na hizi tuktuk zao jamani, mbele zimevimba kama kichwa cha chura, nyuma benchi mbili mwakaa ubavu ubavu. Za kwetu zina haraka zaidi lakini hizi zina sura.

Mji wa zamani ni kisiwa. Hapo ndo Pi aliponishika masikio, manake alianza hivo: "Ninyi mwatoka wapi? Mombasa ni kisiwa? Basi mtaelewa." Kisiwa kama Mvita, ila badala ya bahari wamezungukwa na mito mitatu, Chao Phraya, Pa Sak na Lopburi. Mji ukaanzishwa 1350 na mfalme U Thong, ukakaa zaidi ya miaka 400, vyombo vyapanda mto kutoka baharini, Wachina, Waajemi, Wajapani, Wahindi, kila taifa limepewa mtaa wake nje ya kuta. Wareno wakafika 1511. Nkamwuliza Wareno gani, hawa hawa? Akasema hawa hawa, wameshachukua Malaka ndo wakatuma mjumbe. Nkamwambia kwetu walitangulia, 1498 walikuja na 1505 wakatuchomea mji, alafu ndo ngome. Pi akasema huku hawakuchoma, walifanya biashara, waliochoma ni Burma, Aprili 1767, baada ya kuzingira mji mwaka na zaidi. Tukaangaliana kama watu walopatana kumbe wana jirani mmoja mkorofi.

Hekalu la kwanza Wat Mahathat, la miaka ya 1370. Hapa ndo kwenye kile kichwa. Mie nimekiona kwenye picha nkadhani kikubwa, kumbe si kikubwa hivo na kiko chini, karibu na ardhi, uso tu, macho yamefumba nusu, mizizi ya mti imekizunguka kote mpaka hujui jiwe laishia wapi mti waanzia wapi. Nlichutama nkakaa nkatazama. Chungu wadogo walikuwa wametoka mzizini mstari mmoja wapanda kwenye shavu wapita juu ya nyusi washuka upande wa pili, na shughuli zao, hawana habari. Nasema nlichutama manake ndo sharti, kichwa chako kisiwe juu ya kichwa cha Budha unapopiga picha, mlinzi yuko hapo kwa kiti akiona umesimama akuonesha kwa mkono teremka. Kilifikaje pale? Pi akasema kuna wasemao mji ulipoachwa mti ulikua ukakibeba, na wasemao mwizi alikificha pale na hakurudi kukichukua.

Na wizi si hadithi. Ukitembea ndani wakuta safu nzima ya masanamu yamekaa, mikono imetulia mapajani, na hakuna hata moja lenye kichwa. Mengine ni vita, lakini mengi ni watu wa baadaye walokata vichwa wakauza kwa Wazungu wa kuweka sebuleni. Nkakumbuka vigango vya Mijikenda, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee walofariki, vilivong'olewa huko vikaja kukutwa kwenye makumbusho Marekani. Nkamweleza Pi. Akanyamaza kidogo, akasema "sawasawa na hivo."

Msichana mmoja wa Kizungu kwenye kundi alikuja mabega wazi na kaptula fupi, na tangazo la kampuni halikusema kitu kuhusu mavazi, hilo ni kosa lao, manake hata kama ni magofu kwao bado ni mahala patakatifu, watu wapiga magoti na kuweka maua. Pi yuwatafuta la kusema, wifi akafungua pochi akatoa leso akamfunga moja akamtupia ya pili mabegani. Siku nzima yule binti alizunguka mahekalu ya Ayutthaya mgongoni kwake kumeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mwisho wa safari aliivua airudishe, wifi akamwambia chukua. Sitasema kama leso yenyewe ilikuwa ya nani.

Ya kwangu.

Ng'ambo ya barabara Wat Ratchaburana, na hili ndo nililolipenda kushinda yote. Mfalme alifariki 1424, watoto wake wawili wakubwa wakakutana kila mmoja juu ya ndovu wake kupigania kiti, wakauana hapo hapo wote wawili. Mdogo wa tatu, ambaye hata hakuwepo kwenye ugomvi, ndo akawa mfalme, akajenga hekalu palepale zilipochomwa maiti za kakaze. Wifi akasema "vita vya panzi furaha ya kunguru," nkamtafsiria Pi, akaomba arudiwe taratibu akaliandika kwenye kijitabu chake. Mnara wake mkubwa wasimama kati, wenyewe waita prang, umbo kama gunzi la hindi, na waweza kupanda ngazi ukateremka ndani kwenye shimo lilokuwa limewekwa hazina. Wezi waliingia humo 1957 wakakuta dhahabu ya miaka zaidi ya 500, mataji, panga, wakaiba, na wasiloweza kubeba wakaacha, wengine wakakamatwa, na ilopatikana iko kwenye makumbusho ya Chao Sam Phraya humo humo mjini. Wifi aliteremka. Ngazi zenyewe zimesimama kama za mnazi, mie magoti yangu nayajua nkabaki juu nashika pochi. Alipanda juu kaloa jasho asema kuna michoro ukutani imefifia na popo wawili. (Makumbusho hatukupelekwa, hayamo kwenye safari. Yangekuwemo badala ya lile jambo lengine nakuja kulisema.)

Wat Phra Si Sanphet, ile ya minara mitatu mnayoiona kwenye kalenda, ilikuwa ndani ya kasri, hawakuishi watawa humo, ni ya mfalme na majivu ya wafalme. Palikuwa na Budha wa kusimama wa mita 16 amefunikwa dhahabu, Waburma wakamtia moto dhahabu ichuruzike. Jua sasa liko utosini. Matofali mekundu kila mahali manake lipu imebanduka, kuta nyengine zimelala upande kwa sababu ya udongo laini, na Pi akatuonesha alama ya maji ya mafuriko ya 2011. Nkamwambia kwetu tuna magofu ya Gede, mawe ya matumbawe na chokaa, msitu umeingia ndani, na 2024 imetiwa kwenye urithi wa dunia kama hii yao ilivotiwa 1991. Akaniuliza kukoje. Na mie Gede nimekwenda mara moja tu, darasa la sita, na nikumbukacho ni kima kuninyang'anya mkate. Nlijaza jaza maneno. Nliona haya.

Chakula cha mchana. Hapa kampuni nawatoa nyota zote. Tangazo limeandika halali, mie nimeuliza tena kwa ujumbe siku moja kabla, wakajibu "yes halal" na vidole gumba. Tumepelekwa hoteli ya kando ya mto, wengine wakaletewa nyama za kila aina, sisi wawili wali na yai la kukaanga na mboga. Nkauliza jikoni. "No pork, no pork." Sawa haina nguruwe, na kikaango je? Meza ya pili nguruwe amelala kwenye sahani na mwiko ni ule ule nauona. Halali si kumtoa mnyama ukabakisha mafuta yake. Tukala tikiti maji tukanywa madafu, hayo hata mpishi hawezi kuyaharibu. Sikumpigia Pi kelele, si yeye alouza. Lakini aliona, na uso wake ulikuwa wa mtu alofikiwa na wageni nyumbani hana kitu.

Sasa sikilizeni alichofanya. Wenzetu wakimalizia kula akatuita sisi wawili, akatutia kwenye tuktuk, dakika tano tu, barabara ya U Thong kule karibu na hospitali ya mji, na hapo mabanda yamejipanga, na kila banda mwanamke kajifunga hijabu. Nlidhani nimeona vibaya. Wanauza roti sai mai, ndo kitu ambacho Ayutthaya yajulikana nacho Thailand nzima na wapishi wake ni Waislamu, wa vizazi na vizazi. Yule mama wa banda la kwanza akaona mabuibui yetu akaacha kazi akasema "Assalamu alaikum." Tukajibu. Na baada ya hapo hatukuwa na neno lengine hata moja la kuelewana, yeye Kithai, sisi Kiswahili, lakini salamu ilishafanya kazi yote.

Anavotengeneza: mkononi ana donge la unga laini lavutika kama ubani wa kutafuna, alibandika kwenye sahani ya chuma ya moto alizungusha alibandua haraka, pabaki utando mwembamba kama karatasi, sekunde kadhaa aunyanyua. Manda! Manda za sambusa kabisa, ila yake ya kijani yanukia majani. Katikati watia sukari ilovutwa ikavutwa mpaka imekuwa nyuzi nyuzi kama nywele, ya rangi, waikunja wala. Nyuzi zaparara mdomoni alafu zayayuka. Nimekula sita. Alafu nkamwonesha kwa mikono, tumefunga takbira hivi, akaelewa, akatupisha nyuma ya banda, chumba kidogo, mswala umekunjwa juu ya gunia la sukari, bomba la maji uani, akatuelekezea kibla kwa kidole. Kibla kule ni magharibi, kwetu ni kaskazini, hata mwili washangaa. Tukasali adhuhuri na alasiri pamoja, safarini. Pi alitungoja nje na mwavuli wake, yeye Mbudha, kamzuia dereva asipige honi.

Njiani kurudi ndo akanipa ile habari ya Sheikh Ahmad. Muajemi kutoka Qom, mfanyabiashara, alifika Ayutthaya mwanzo wa miaka ya 1600, akapanda cheo mpaka akawa waziri wa mfalme, na ndo wa kwanza kupewa cheo cha kuwasimamia Waislamu, Chularatchamontri waita, cheo hicho kipo Thailand mpaka leo. Kizazi chake wengine waliingia dini ya Budha, wakawa ukoo mkubwa wa Bunnag, watu wa serikali. Na kaburi lake liko Ayutthaya, liko hapo mjini. Nkamwambia Pi tupitishe dakika kumi tu tusome Fatiha. Akaangalia saa, akasema ratiba ya kampuni sasa ni "kituo cha mapumziko."

Kituo cha mapumziko kikawa duka la mikoba ya ngozi na vito. Dakika arobaini! Mie nimetoka Pratunam nimepapasa mikoba mpaka nimeiota, wanitoa kwenye mambo ya 1424 na kaburi la Sheikh waniweka mbele ya mkoba? Hakuna alonunua, wale Wahindi nao ni watu wa vito hukohuko kwao, waliangalia pete moja wakarudisha bila hata kuuliza bei. Pi alikaa nje. Nkatoka nkakaa naye, akasema kwa sauti ndogo kwamba asipowaleta jina lake halipangwi wiki inofuata. Nshafanya kazi za watu, nkaelewa. Ndo maana hizi nyota nazigawa mbali mbali.

Kwa hivo Budha aliyelala, lile sanamu refu la Wat Lokayasutharam lilokuwa kwenye orodha, hatukuliona, na la mwisho Wat Chaiwatthanaram tukapewa dakika ishirini, hekalu la 1630, kando ya mto, mnara mkubwa kati na midogo kuuzunguka, jua laanza kushuka lote limekuwa rangi ya binzari. Vijana wa Kithai wamejaa wamekodi mavazi ya zamani, mahariri na maua kichwani, wapiga picha, desturi iloshamiri tangu tamthilia moja ya televisheni ya 2018. Maharusi wa kwetu Fort Jesus ndo hivo hivo, ila hawa wana nafasi zaidi na hakuna mtu wa kukuuzia kashata katikati ya picha. Dakika ishirini tu. Nlitamani nikae mpaka magharibi.

Na pamoja na haraka yote hiyo treni tukaikosa. Twafika stesheni twaona mkia. Kampuni ikapigiwa simu, ikasema subirini inofuata. Hakuna pole, hakuna maji. Mabenchi ya stesheni, mbwa wawili wamelala, na Pi yuwajaribu kutuchangamsha, akasema treni itafika saa "seven" na kitu... no no, akajirekebisha, kwa Kithai cha mtaani ni "nueng thum." Ni nini hiyo? Moja ya usiku. Nkamwambia saa moja usiku? Ndio, na saa mbili usiku ni song thum, mbili, ya tatu tatu, hivo hivo mpaka tano. Jamani wanahesabu usiku kama sisi! Miaka yote hiyo naenda kule nalazimisha kichwa changu kugeuza saa kwa Kiingereza, na wenyewe wako na saa moja yao usiku kama mtu wa Kisauni. Tulipofika Bangkok tulikuwa hoi.

Kwa hivo mwatakaje kufanya. Treni msimlipe mtu, nendeni Hua Lamphong asubuhi nunueni tikiti wenyewe dirishani, hakuna kubuku daraja la tatu, wapata benchi au wasimama. Feri senti. Ndani ya kisiwa kodini tuktuk kwa masaa mpatane bei kabla hamjakaa, kama hapa tu, au baiskeli kama magoti yako mazima. Viingilio mgeni alipa zaidi ya mwenyeji, msilalamike, Fort Jesus ni hivo hivo. Nguo za kufunika mabega na magoti, viatu vya kuvua upesi, mwavuli, na msiende Aprili mtaungua. Chakula mnajua barabara gani. Lakini mwongozaji lipieni. Tafuteni mtu wa hukohuko mumlipe yeye mwenyewe mkononi, manake bila Pi mie ningeona matofali, ningepiga picha ya kichwa, ningerudi Pratunam.

Sisi tulimpa yake pembeni, hakuitaka, wifi akaikunja akamtilia kwenye ule mwavuli.

Kampuni niliwaandikia habari ya chakula na lile duka na hekalu la tano. Wamejibu jana, maua matatu na punguzo la asilimia kumi nikienda nao soko la kwenye maji. Nimewauliza njiani kuna mikoba? Alama mbili za buluu zishatokea, jibu bado.